UZI: Ndege ya kurudi nyumbani imekwama Ulaya? Usisaini vocha kabla hujapita hapa

Binti Pangani

Habari za leo wanajukwaa. Kuna dada alikwama uwanjani na watoto, nikamwahidi kwamba dai langu la fidia dhidi ya shirika la ndege likiisha nitakuja kusimulia. Limeisha juzi, pesa imesoma, kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Mimi naishi Hamburg, nafanya kazi nyumba ya wazee. Mwaka jana tulikuwa tunakwenda Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu: mimi, wanangu wawili wa miaka 9 na 12, na kaka yangu anayesoma huku. Sisi watatu nilikata tiketi pamoja, bukingi moja, Hamburg mpaka uwanja mmoja mkubwa wa kuunganishia, kisha Dar. Kaka yangu kwa kubana matumizi alikata vipande viwili. Ndege zile zile zetu, siku ile ile, ila namba mbili tofauti. Aliokoa euro 70. Hizo euro 70 zishikeni kichwani.

Hamburg tulikaa ndani ya ndege saa mbili na dakika ishirini. Rubani anasema kuna taa inawaka ambayo haitakiwi kuwaka, mafundi wako njiani. Tulipofika kwenye kuunganisha, ndege ya Dar imeshaondoka. Kaunta ya transfa ilikuwa na wafanyakazi wawili na foleni kama ya mwendokasi saa moja asubuhi. Zamu yangu ilipofika, yule dada akanipa kuponi za chakula, hoteli na nafasi kwenye ndege ya kesho yake. Halafu akasogeza karatasi nyingine: vocha ya euro 200 kila mmoja, ya kununulia tiketi kwao badala ya pesa, weka saini hapa. Kijerumani changu nimejifunzia kwa wazee wakali wasiopenda kurudia neno, kwa hiyo naisoma karatasi mpaka mwisho. Mstari wa chini kabisa unasema ukiipokea vocha huna dai jingine lolote. Nikamrudishia. Akanitazama kama nimemtukania mama yake.

Dar tulifika saa 26 nyuma ya ratiba. Mkesha tumekosa, ndoa tumekosa, Tanga tunaingia watu wanakwangua ukoko wa pilau. Mama hakunisemesha mpaka jioni.

Matokeo: euro 600 mara tatu, jumla 1,800, baada ya miezi saba ya kuandikiana. Kaka yangu sifuri, maana bukingi mbili ni safari mbili. Tena tiketi yake ya pili ilikufa, ikabidi anunue nyingine kwa pesa aliyokopa kwangu. Alikuwa kiti cha nyuma yangu.

Jina la shirika silitaji, nimeshalipwa na sitaki kesi. Niulizeni.

Mzee wa Kariakoo

Hongera binti. Lakini mimi nina shaka kidogo. Pesa za namna hiyo si za wenye pasi zao nyekundu? Mke wangu alirudi mwezi wa tatu kutoka Stockholm kwa mwanetu. Ndege ya pili, ya kuja KIA (uwanja wa Kilimanjaro), ikafutwa palepale getini, wakasema hitilafu ya kiufundi. Wakamlaza hoteli, wakampa chai na mkate, akafika kesho yake usiku. Sisi tukashukuru Mungu kafika salama. Ana pasi ya Tanzania na viza ya matembezi tu. Nani atamlipa huyo?

Binti Pangani

Shikamoo mzee. Pasi haiulizwi. Wanangu wote wawili wanasafiria pasi za Tanzania na wamelipwa sawa na Mjerumani aliyekaa pembeni yao. Mama amepoteza siku nzima, kwa maelezo hayo anadai euro 600. Ilikuwa bukingi moja toka Stockholm?

Mzee wa Kariakoo

Marahaba. Moja. Mwanetu ndiye alilipa.

Kesi Ndogo

Naomba niingie, maana nimesoma sheria na eneo hili nalipenda kuliko inavyofaa.

Kanuni hii ya Umoja wa Ulaya inaitwa namba 261 ya mwaka 2004, imeanza kufanya kazi tarehe 17 Februari 2005. Swali lake la kwanza ni umeondokea wapi. Ukiondokea uwanja wowote ndani ya Umoja wa Ulaya, pamoja na Norway, Iceland na Uswisi, unalindwa hata kama ndege ni ya Ghuba, ya Uturuki, ya Ethiopia au ya kwetu. Ukiwa unatoka Afrika kwenda Ulaya, unalindwa ikiwa tu shirika linalorusha ndege ni la Ulaya. Hapo ndipo wengi huangukia pua, wanadhani tiketi ya kwenda na kurudi ni safari moja. Mwaka 2008 kuna abiria alikwenda Manila toka Düsseldorf na Emirates kupitia Dubai, ndege ya kurudi ikafutwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kurudi ni safari nyingine, imeanzia Ufilipino, na shirika si la Ulaya, basi.

Kiasi kinatokana na umbali. Safari inayozidi kilomita 3,500 ni euro 600, na hakuna namna ya kutoka Frankfurt au Amsterdam ufike Nairobi, Entebbe au Dar bila kuvuka huo umbali, Amsterdam hadi Nairobi peke yake inakaribia 6,700. Ukifika umechelewa zaidi ya saa tatu lakini hazikuzidi nne, wanaruhusiwa kukata nusu, unabaki na 300. Chini ya saa tatu hakuna fidia. Na bei ya tiketi haihusiki. Uwe ulinunua kwa 380 wakati wa punguzo au kwa 1,900 wiki ya Krismasi, ni 600 hiyo hiyo, kwa kila aliyekatiwa tiketi, mtoto pia.

Mzee, mwenye dai ni aliyekaa kwenye kiti, aliyelipa hahusiki. Kwa hiyo barua ni ya mama, si ya mwanenu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kanuni yenyewe haikuandika kwamba kuchelewa kunalipwa. Iliandika kufutwa kwa ndege na kunyimwa nafasi. Ni mahakama, tarehe 19 Novemba 2009, kwenye kesi ya akina Sturgeon dhidi ya shirika la Condor, iliyosema aliyefika saa tatu au zaidi nyuma ya ratiba amepoteza muda kama aliyefutiwa ndege, kwa hiyo alipwe vile vile. Mashirika yakarudi tena mwaka 2012 kujaribu kuipindua, yakajibiwa neno lile lile. Na dakika hazihesabiwi magurudumu yakigusa lami. Kuna ndege ya Salzburg kwenda Köln ilitua ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 58, ikaegeshwa ikiwa imechelewa saa 3 na dakika 3, mlango ukafunguliwa muda mfupi baadaye. Mwaka 2014 mahakama ikasema kufika ni pale mlango mmoja angalau unapofunguliwa na watu wanaruhusiwa kushuka. Kwa hiyo mlango ukifunguliwa, tazama saa yako, piga picha.

Binti Pangani

Kesi Ndogo umenikumbusha. Kesi iliyoniokoa mimi ni ya Folkerts, 2013. Mama mmoja alitoka Bremen kwenda Asunción, Paraguay, kupitia Paris na São Paulo. Ndege ya kwanza ilichelewa karibu saa mbili na nusu tu, kama yangu, akakosa zote zilizofuata, akafika saa 11 nyuma. Mahakama ikasema kinachohesabiwa ni kuchelewa mwisho wa safari, sio Paris. Shirika langu liliniandikia barua ya kwanza kwamba "ndege yako ya Hamburg ilichelewa chini ya saa tatu, tunasikitika." Nikawajibu kwa sentensi mbili na hiyo kesi. Barua ya pili hawakugusa tena habari ya saa tatu, wakahamia kwenye ufundi.

msafiri254

Niaje wadau. Mimi ni wa Nakuru, nakaa Munich. Hii yangu imenisumbua akili. Nilipanda ndege ya shirika moja la Ghuba, Munich hadi kwao, ikafika on time kabisa, kisha ile ya Nairobi ikakaa masaa saba pale pale Ghuba. Nikawaandikia, wakasema shida haikutokea Ulaya so hiyo sheria yenu hatuijui. Wako sawa?

Kesi Ndogo

Bukingi ilikuwa moja?

msafiri254

Moja.

Kesi Ndogo

Basi hawako sawa, na wanajua hawako sawa. Mwaka 2018 kulikuwa na abiria wa Royal Air Maroc, Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca. Berlin aliondoka vizuri, Casablanca akaambiwa kiti chake kimepewa mtu mwingine, akafika saa nne nyuma. Mahakama: bukingi moja ni safari moja, imeanzia Berlin, kanuni inatumika hata kama tatizo limetokea Moroko. Mwaka 2022 ikaenda mbali zaidi. Watu walitoka Brussels kwenda San José, California, kupitia Newark, ndege zote mbili za United, hitilafu imetokea ndani ya Marekani kabisa, kwenye safari ya ndani ya Marekani. Walilindwa vile vile. Waandikie ukitaja hizo mbili. Na dai lako unaweza kulipeleka mahakama ya Ujerumani, kwa sababu safari ilianzia Munich, huna haja ya kumfuata mtu Ghuba.

msafiri254

Aisee. Kumbe wananicheza tu. Na karatasi ya kupandia nilitupa.

Binti Pangani

Usihangaike, barua pepe ya bukingi inatosha kuanzia, ila siku nyingine tunza. Mimi bodingi pasi zote nilizipiga picha nikiwa foleni, pamoja na skrini ya uwanjani inayoonyesha ratiba ya ndege, ikiwa nyekundu.

Shukuru wa Bruxelles

Jambo ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Bukavu. Tunashukiaga Kigali, halafu barabara mpaka Cyangugu, tunavuka mupaka. Mwaka ule marubani wa kampuni waligoma, ndege ya Kigali haikuruka, tukaenda kisha siku mbili. Kampuni iliniambia mugomo ni force majeure, ni kama tetemeko. Nikakubali nikanyamaza. Nilikosea?

Kesi Ndogo

Ulikosea ndugu, lakini hukukosea peke yako. Inategemea nani kagoma. Wakigoma waongoza ndege, hiyo iko nje ya uwezo wa shirika, hulipwi fidia. Wakigoma marubani au wahudumu wa shirika lenyewe kudai mishahara, hilo ni jambo la ndani ya nyumba yao. Kesi ni ya SAS, shirika la ndege la Skandinavia, Machi 2021, mgomo wa marubani ulioitishwa na chama chao kwa kufuata taratibu zote. SAS walisema ni hali isiyo ya kawaida, yaani iliyo nje ya uwezo wao, mahakama ikakataa. Ilikuwa mwaka gani hiyo yako? Muda wa kudai unafuata sheria ya nchi unakopeleka dai, nchi na nchi hazifanani. Uholanzi ni miaka miwili tu, Ujerumani mitatu ikihesabiwa toka mwisho wa mwaka wa safari, Ufaransa mitano, Uingereza sita.

Shukuru wa Bruxelles

Nitatafuta karatasi. Siku mbili nililala kwa shemeji, hata hoteli sikuomba. Aksanti sana.

Pwani ya Leicester

Assalaam aleikum. Naona mnaongea fidia tu, na mimi nataka kuongeza la hoteli, kwa sababu hilo watu wanalisahau hata pale wasipostahiki fidia.

Uingereza baada ya kutoka kwenye Umoja iliibeba kanuni ile ile, ikabadilisha sarafu tu. Ukiondoka Heathrow kwenda Zanzibar au Nairobi, shirika lolote, ni pauni 520, na 260 ukichelewa kati ya saa tatu na nne. Sasa mimi theluji ilifunga uwanja. Theluji si kosa la mtu, fidia sikupata na sikudai. Lakini kulisha na kulaza abiria ni wajibu wao hata kama mbingu zimeanguka. Walituambia "tafuteni wenyewe, hoteli zimejaa." Nikatafuta mwenyewe, chumba cha kawaida, si cha kifalme, nikatunza risiti ya chumba, ya teksi na ya biriani. Nikawapelekea. Wakalipa zote isipokuwa biriani ya pili.

Wakikuletea hoja ya "hali isiyo ya kawaida" kwenye hoteli, watajie volkano ya Iceland ya 2010. Bibi mmoja alikwama Faro, Ureno, wiki nzima, Ryanair hawakumhudumia. Mwaka 2013 mahakama ilisema kanuni haina kikomo cha siku wala cha pesa kwa huduma hiyo, ilimradi gharama zilikuwa za lazima na za busara.

Binti Pangani

Hapo kwenye hoteli niseme jambo linaloniuma mpaka leo. Kwenye foleni yetu kulikuwa na mama mtu mzima, anatoka Canada kwa wanawe, anakwenda Kilimanjaro. Hoteli anayo kwa haki kabisa, kuponi kapewa. Lakini hana viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi za Ulaya, askari wa mpakani hawakumruhusu kutoka. Akalala kwenye viti vya geti, na kanga yake. Nilimwachia shuka la mwanangu. Wenye wazazi wanaopitia huku, waulizieni mapema kama uwanja una hoteli upande wa ndani, kabla ya paspoti. Na mkoba wa mkononi uwe na dawa zao za presha za siku tatu.

Mzee wa Kariakoo

Mimi nimesoma yote. Nina maswali mawili. Kwanza, mama aliwekewa karatasi akasaini, Kiingereza chake ni cha "thank you". Tumeshapoteza? Pili, kuna kampuni mtandaoni inasema itatudaia, hatulipi kitu mpaka tushinde. Mwanetu anataka tuwape.

Kesi Ndogo

La kwanza: ile karatasi ilikuwa ya nini? Kama ni ya chakula na hoteli, hiyo ni huduma, haiui fidia hata kidogo. Fidia kwa kanuni ni pesa, benki au taslimu au hundi. Wanaweza kukupa vocha badala yake pale tu abiria anapokubali kwa saini, ndiyo maana ile karatasi ya Binti ilikuwa na haraka kiasi kile. Mwombe mama aitafute ndani ya mkoba.

La pili, uamuzi wenu. Hao madalali huchukua robo hadi theluthi, na wakifika mahakamani huongeza. Kwenye 600 mtabaki na 400 na ushee.

Tausi Oslo

Kesi Ndogo usiwaseme vibaya sana hao madalali. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku, watoto watatu. Shirika lilinijibu mara nne kwa barua zile zile kama kasuku. Nikawapa kampuni, wakakata chao, nikapata changu bila kuandika neno. Asilimia 70 ya kitu ni bora kuliko asilimia mia ya hamu.

Binti Pangani

Dada Tausi sikupingi, na aliyechoka ana haki ya kuchoka. Ninachosema ni kwamba barua ya kwanza na ya pili andika mwenyewe, ni bure. Dalali naye anaanza na barua hizo hizo.

Mzee, barua yangu ilikuwa nusu ukurasa. Juu namba ya bukingi, majina kama yalivyo kwenye tiketi, namba za ndege na tarehe. Kisha saa tuliyotakiwa kufika na saa mlango ulipofunguliwa Dar. Kisha sentensi moja: nadai euro 600 kwa kila abiria chini ya kifungu cha 7 cha Kanuni 261/2004, mlipe ndani ya siku 14 kwenye akaunti ifuatayo, vocha sikubali. Sikusimulia harusi, sikusimulia machozi ya watoto, maana mtu anayesoma barua mia kwa siku anatafuta pa kukatalia, na kila sentensi ya ziada unampa mahali.

Walipohamia kwenye "hitilafu ya kiufundi" niliwajibu kwa Wallentin-Hermann, ya mwaka 2008, dhidi ya Alitalia, na ya van der Lans dhidi ya KLM, 2015. Hii ya pili naipenda. Ndege ya kutoka Quito kwenda Amsterdam ilichelewa saa 29 kwa sababu vipuri vilikufa ghafla, matengenezo yalikuwa yamefanyika, hakuna aliyezembea. Mahakama ikasema hata hivyo, ndege kuharibika ni sehemu ya biashara ya kurusha ndege. Kama daladala kupata pancha. Konda hakwambii pancha ni tetemeko la ardhi.

Wakanyamaza wiki sita. Nikapeleka kwenye ofisi ya usuluhishi ya abiria iliyoko Berlin, ni bure kwa abiria. Huko ndiko walikolegea. Kwanza walitoa vocha ya 300 kila mmoja, nikakataa, mwezi uliofuata wakalipa yote.

Kesi Ndogo

Niweke kipimo cha haki hapo, tusije tukajidanganya. Ufundi haulipwi kila mara. Kasoro iliyofichika kiwandani inayogusa usalama, hujuma, ndege kugongwa na ndege (wenye mbawa za manyoya, mahakama imesema 2017), hizo zinawatoa. Hata mwaka 2024 Finnair walishinda kwenye kasoro ya usanifu iliyokuwa haijulikani ya aina mpya ya ndege. Lakini ni wao wa kuthibitisha. "Technical reasons" peke yake kwenye barua pepe si ushahidi, waombe maelezo ya ni nini hasa kiliharibika.

Mama wa Entebbe

Na mimi nichangie kidogo. Huku Vienna nilinyimwa kupanda. Ndege ilikuwepo, kiti kilikuwepo, kijana wa kaunta akasema kadi yangu ya ukaazi haimridhishi. Naenda kwetu Uganda, pasi yangu ya Uganda, kadi ya ukaazi ya nini? Ndege ikaondoka. Meneja akaja baadaye, akasema samahani, akanitafutia ya kesho yake.

Kesi Ndogo

Pole sana dada. Kanuni inasema mtu akinyimwa kupanda kwa sababu ya haki, mfano hati za safari zenye kasoro, hana fidia. Lakini shirika halina neno la mwisho juu ya hati zako. Kuna raia wa Kazakhstan alizuiwa Larnaca asipande ndege ya Bucharest, na mwaka 2020 mahakama ikasema ni hakimu atakayepima kama sababu ilikuwa ya haki au la. Wewe hati zako zilikuwa kamili na meneja mwenyewe kaomba radhi. Hiyo ni 600. Una jina la meneja au ujumbe wowote?

Mama wa Entebbe

Barua pepe ya kuniomba samahani ninayo.

Kesi Ndogo

Hiyo usiifute. Iprinti.

Mnazi Mmoja

Jamani hii habari si imeshapitwa? Nilisikia wamebadilisha, sasa hulipwi mpaka uchelewe saa sita.

Kesi Ndogo

Hapana. Juni 2025 mawaziri wa uchukuzi wa nchi za Umoja walikubaliana msimamo wao: saa nne kwa safari hadi kilomita 3,500 na saa sita kwa zinazozidi, euro 300 na 500. Ulikuwa msimamo wa mawaziri, na msimamo wao peke yao si sheria, Bunge la Ulaya nalo lazima likubali. Mabishano yenyewe yana umri, mapendekezo ya kwanza ya kuibadilisha yalitoka 2013. Ikibadilishwa, wa kuumia zaidi ni sisi wa safari ndefu, maana saa tano za kuchelewa Nairobi zitakuwa hazina kitu.

Kaka wa Binti Pangani

Nimeuona uzi. Euro 70 zangu zimekuwa mfano wa taifa.

Binti Pangani

Na bado unanidai samahani, mimi nakudai tiketi.

Mzee wa Kariakoo

Nimerudi. Karatasi ya mama imepatikana, ni ya hoteli na chakula tu. Barua tumeituma wiki tatu zilizopita, na leo wamejibu. Wanasema wanathamini sana uaminifu wetu kwao, lakini hitilafu ya kiufundi ni hali isiyo ya kawaida na hawawezi kulipa. Na fomu yao inataka IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya mtindo wa Ulaya, sisi benki yetu haina hiyo kitu. Nadhani ndiyo basi.

Binti Pangani

Mzee, hiyo ndiyo barua ya kwanza. Kila mtu anaipata, mimi ninayo ya kwangu, maneno ni hayo hayo mpaka koma. Ya IBAN ni ndogo: andika namba ya akaunti na SWIFT (namba ya kuitambua benki) ya benki yenu, au mama aandike hati ya kumruhusu mwanenu wa Stockholm apokee kwa niaba yake, aweke saini na nakala ya pasi. Kisha jibu leo leo: ile kesi ya 2008, ile ya 2015, na swali moja, kiliharibika nini hasa. Wape siku 14.

Mzee wa Kariakoo

Haya mwanangu. Nimekaa na kijana wa hapa dukani, anachapa sasa hivi. Anauliza, Wallentin ni l moja au mbili?

Binti Pangani

Mbili, mzee. Na Hermann n mbili mwishoni.